Azimio la Kamera: Juu ya Istilahi za Ndege Nyuki ya Kupimia Ardhi

Songwa, katika Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, ni jirani ya Mwadui, ambako almasi zimechimbwa tangu mwaka 1940 katika mwamba wenye eneo la hekta 146 hivi. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, na tope likafunika mashamba na makazi ya jirani. Katika nchi ya namna hiyo upimaji wa ardhi hauwezi kuwa shauri la wataalamu peke yao. Mkulima hutaka kujua tope limekula kiasi gani cha shamba lake, na mchimbaji mdogo, kutoka hapo hadi Geita, hutaka kujua mpaka wa eneo lake unapita wapi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa mara nyingi kwa chombo kidogo kirukacho chenye kamera. Tunauliza: je, istilahi tulizo nazo zinamwezesha mnunuzi wa chombo hicho kuagiza kile kinachomfaa? Kwa maoni yetu, jina la chombo tumekwisha kulipata, lakini viungo vyake tumeviacha bila majina.

Jina lenyewe halina ubaya. Wako wasemao "ndege isiyo na rubani", nao hupotosha kidogo, maana rubani yupo, amesimama chini na kiongozi cha mkononi. Hata Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga hupendelea kusema chombo kinachoongozwa kutoka mbali. "Ndege nyuki" imewashinda wenzake kwa ufupi wake na kwa mlio wa rafadha zake. Neno la Kiingereza lilitokana na dume la nyuki, ambalo halikusanyi chavua wala halina mwiba. Nyuki wetu, tofauti na yule, anafanya kazi. Basi tafsiri hapa imeuzidi usemi wa asili, jambo ambalo si la kila siku.

Taabu huanza mtu anaposoma maelezo ya kamera yaliyogeuzwa Kiswahili, hasa yale yaliyogeuzwa na mashine. Humo hukutana na "kamera yenye azimio la juu". Msomaji wa Tanzania aliyefunzwa juu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 atajiuliza kamera hiyo imeazimia nini. Neno moja la Kiingereza lina maana mbili, na mfasiri amechukua ile isiyohusika. Lakini kichekesho hicho kinaficha kosa kubwa zaidi. Hata tukisema vizuri "wingi wa nukta", bado hatujamwambia mpimaji anachokihitaji. Yeye hutaka kujua nukta moja ya picha inachukua sentimita ngapi za ardhi. Phantom 4 RTK, iliyotoka mwaka 2018 na kamera yenye nukta milioni 20, ikiruka mita 100 juu, kila nukta huchukua takriban sentimita 2.7. Kwa hiyo tungependa istilahi mbili zitenganishwe: wingi wa nukta kwa kamera, na ukubwa wa nukta ardhini kwa ramani.

Kasoro inayomgharimu mnunuzi kuliko zote ni kukosekana kwa jina la kile kipande cha kamera kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie. Katika kamera nyingi ndogo hakuna kipande hicho. Picha husomwa mstari baada ya mstari kwa njia ya umeme. Ndege ikienda mita 10 kwa sekunde, na usomaji ukachukua sehemu moja ya thelathini ya sekunde, basi mstari wa mwisho umepigwa ndege ikiwa imesogea sentimita 33. Programu za ramani hujaribu kusahihisha mpindo huo, ila mpimaji mwangalifu haanzi kazi yake kwa kutegemea masahihisho. Sasa tazama: Mavic 3 ya mwaka 2021 na Mavic 3 Enterprise ya mwaka 2022 zote zina nukta milioni 20, ya kwanza haina kipande hicho, ya pili, ile ya kupimia, inacho. Tangazo la zabuni litakalotaja nukta tu litazipokea zote mbili sawasawa, na iliyo rahisi ndiyo itakayoshinda. Sisi tunapendekeza neno kilango. Atakayeleta bora zaidi tutamshukuru, ila asituletee "kifuniko", kwa sababu lenzi ina kifuniko chake tayari.

Kuna na hili neno "iliyopitwa na wakati". Hutumiwa kwa mambo matatu yasiyofanana: chombo kilichochakaa, chombo ambacho mwenye kiwanda ameacha kukiunda, na chombo kisichopata tena betri wala vipuri. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kuipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani ilitumia eBee za kampuni ya Uswisi, senseFly. Mwaka 2021 kampuni hiyo ikanunuliwa na AgEagle ya Marekani. Mkono wa mwenye mali ulibadilika, lakini bawa halikuoza siku hiyo. Vivyo hivyo Phantom 4 RTK haiundwi tena, na mwaka 2025 imekuja Matrice 4E. Hata hivyo Phantom iliyo nzima ina kilango, na kwa ramani inaishinda ndege mpya isiyo nacho. Inakomea kwenye betri, kwani betri za lithiamu huvimba kwa umri na joto, na joto Kishapu halikosekani.

Kwa hiyo katika hati ya ununuzi tungeandika hivi: ndege nyuki yenye kilango, ukubwa wa nukta ardhini usiozidi sentimita 3 kutoka mita 100, na ambayo betri zake bado zinaundwa. Kuhusu usahihi wa mahali, yaani kituo cha ardhini kinachoirekebisha ndege ikiwa angani, istilahi zake zimechanganyika kiasi cha kuhitaji makala yake peke yake.