Hesabu ya Risasi

Kumbukumbu za vita za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, zilichapwa mwaka 1920 na husifiwa kwa habari za mapigano. Kwangu mimi mhusika mkuu humo ni risasi. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wake wengi walishika bunduki za muundo wa 1871, za kupakia risasi moja moja, zenye moshi unaomfichua mpigaji. Shehena ya meli Rubens, mwaka 1915, ililoweshwa na maji ya bahari. Risasi zikafunguliwa, baruti ikaanikwa. Hapo mwandishi ananipendeza, maana anaeleza kazi ya mikono bila majigambo.

Novemba 1917 akavuka Ruvuma na kuwashinda Wareno huko Ngomano. Askari wakapata bunduki za Kireno, za kupakia risasi kadhaa kwa pamoja, lakini risasi ya Mjerumani haziingii. Mwenye bunduki ya adui hana budi kumfuata adui yule yule ili ailishe. Waliposalimisha silaha Abercorn, Novemba 1918, anaorodhesha bunduki 1,071, za Kiingereza na Kireno, na risasi 208,000.

Ugomvi wangu naye uko hapo. Wapagazi anawahesabu, na posho yao anaijadili, siwezi kumsingizia. Lakini baruti iliyolowa ina kisa chake, tangu melini hadi kwenye mtutu. Aliyeitwika kichwani anaingia kitabuni kama idadi, na kama idadi anatoka.