Kapelani wa Shule, Hongera

Asubuhi, katika shule nyingi za serikali za Queensland, Australia, kapelani anapaka tosti siagi kwa ajili ya watoto waliotoka nyumbani bila kustaftahi. Mchana anaketi na mwanafunzi aliyefiwa, au ambaye wazazi wake wanaachana. Haruhusiwi kuwavuta watoto kwenye dini yake, na kwangu hapo ndipo ilipo heshima ya kazi hii.

Serikali kuu ilianza kuigharimia 2007. Mzazi mmoja akaishtaki, akashinda Mahakama Kuu 2012 na 2014, kwa hoja ya mamlaka ya serikali hiyo kutumia fedha, si ya dini. Siku hizi fedha hupitia majimbo. Lakini makapelani walikuwapo kabla ya ruzuku hiyo, wakichangiwa na makanisa ya mtaani.