Fort Ternan: Mstari wa Manjano Ulifufuliwa, Paa Likaachwa

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Novemba 2018, stendi nyingi za Kenya zilikuwa tupu. Wenye matatu walikuwa wameziacha nyumbani, abiria walishika njia kwa miguu, na polisi walisimama barabarani wakitafuta kidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa manjano, sare za dereva na kondakta, leseni na cheti cha tabia njema. Zilikuwa kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa zamani, zilizolala kwa miaka, zikifufuliwa kwa amri ya Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i na mwenzake wa Uchukuzi James Macharia. Kilichozifufua ni ajali ya basi ya Fort Ternan, Kericho. Na ukiitazama Fort Ternan kwa jicho la fundi, uamuzi ule ulikuwa kosa la wazi: kilichovunjika kule Kericho hakikuwa kitu cha kukaguliwa kando ya barabara.

Picha kila mtu aliziona. Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega liliacha barabara, likabingirika mteremkoni, paa likang'oka lote. Zaidi ya watu 50 walikufa. Yakasemwa mengi, na ya haki, kuhusu safari ya usiku na kuhusu mwendo. Kuhusu paa, taarifa baada ya taarifa ilisema liling'oka, kisha ikapita. Hapo ndipo uchambuzi ulipaswa kuanza.

Paa la basi lililojengwa vizuri halitoki mahali pake kwa sababu tu basi limepinduka. Umoja wa Mataifa una kanuni ya 66, iliyoanza kutumika miaka ya 1980, ambayo kazi yake ni hiyo moja: kupima kama bodi ya basi inaweza kuhimili kupinduka. Basi husimamishwa juu ya jukwaa, jukwaa likainamishwa upande mmoja polepole mpaka basi lianguke lenyewe kwenye sakafu ya zege iliyo milimita 800 chini. Nguzo zinaruhusiwa kupinda. Haziruhusiwi kuingia katika nafasi ambamo kichwa na kifua cha abiria kinakaa. Na hebu msomaji aliangalie jambo moja katika jaribio hilo: mwendo wa basi ni sufuri. Halikimbii kilomita 80 kwa saa wala 20. Limesimama, linaanguka kwa uzito wake, na bado wahandisi wanajua kwamba bodi dhaifu itasagika. Sasa kidhibiti mwendo kingelifanyia nini paa ambalo huenda lisingemaliza hata jaribio la gari lililosimama?

Tatizo huanzia kwenye lori. Kenya ina mazoea ya miaka mingi ya kuchukua chasisi ya jamii ya malori, kuipeleka kwa wajenzi wa bodi, na kuirudisha barabarani ikiwa basi la abiria 25, 33 au zaidi ya 50. Ukisimama kwenye barabara yoyote ya Bomet wakati wa kuchuma chai utaviona viumbe hivi viwili vikifuatana: lori la majani mabichi likitoka kituo cha kununulia kuelekea kiwandani, na nyuma yake basi. Chini ya rangi ni ndugu. Hata Siongiroi, sehemu nyingine ya Bomet ambako ardhi ni ya maziwa kuliko chai, hali haibadiliki. Gari linalobeba mitungi ya maziwa na linalobeba watu kwenda Bomet au Kericho mara nyingi yanatoka ukoo mmoja.

Lori si chombo kibaya. Lilibuniwa kubeba mzigo uliotulia, wenye uzito wa tani, juu ya fremu iliyonyooka kama ngazi. Ukilifanya basi, sakafu lazima ipite juu ya fremu na juu ya matairi, kwa hiyo abiria anapanda ngazi na kukaa juu sana. Springi zilikusudiwa mzigo mzito kuliko watu. Fremu ikiwa fupi huongezwa mkia nyuma ya ekseli ili viti viwili vitatu zaidi vipatikane. Halafu juu ya yote huwekwa keria, na kwenye keria magunia, magodoro, vitanda na kuku. Kila kilo inayopanda juu inalisogeza basi karibu na kupinduka kwenye kona, na barabara za nchi ya chai ni kona tupu. Safu hii imeipiga vita keria kwa muda mrefu na haitaacha: mzigo mahali pake ni tumboni mwa basi.

Lakini keria na urefu hulisaidia basi kuanguka tu. Kinachoamua nani atatoka hai ni nguzo.

Kuna njia mbili za kusimamisha nguzo za bodi. Ya kwanza ni kuzifanya pete: bomba la chuma la mraba linatoka sakafuni upande wa kushoto, linapanda, linapita chini ya paa na kushuka upande wa kulia mpaka sakafuni, na mguu wake unakaa juu ya mhimili uliofungwa kwenye chasisi. Pete kadhaa kama hizo, kutoka nyuma ya dereva mpaka kiti cha mwisho, ndizo zinazobeba basi likilala chali. Njia ya pili ni ya haraka na rahisi zaidi. Fundi anajenga kuta mpaka chini ya dirisha, anaziweka sawa, kisha anachomelea vipande vifupi vya nguzo juu yake na kuliweka paa juu ya vipande hivyo. Bati likishapigwa riveti na rangi ikikauka, bodi hizo mbili hazitofautiani kwa macho.

Zinatofautiana siku ya kupinduka. Paa linapogonga ardhi, nguvu inajikusanya pale pale kiunoni mwa bodi, chini ya dirisha, na kwenye njia ya pili hapo ndipo penye kiungo cha kuchomelewa. Kiungo kinapinda, kinageuka bawaba, kisha kinakatika. Kikikatika kimoja, kinachofuata kinabeba uzito wa viwili, na mfululizo huo unakimbia upande mzima wa gari kwa muda mfupi kuliko wa mtu kupiga kelele. Paa linaondoka zima. Polisi wa barabarani hawezi kukiona kiungo hicho. Kimefunikwa kwa bati nje na kwa kitambaa ndani. Anachoweza kuona ni mstari wa manjano.

Na mikanda, ambayo ilipigiwa kelele kuliko vyote tarehe 12? Mkanda ni kitu kizuri, na asiyeufunga anajikosea. Ila mkanda wa basi umefungwa kwenye kiti, na kiti kimefungwa kwenye sakafu. Ingia katika basi lenye umri kidogo, piga goti, utazame miguu ya kiti. Kama imeshikwa kwa boliti iliyopita kwenye chuma cha mhimili, vyema. Kama imeshikwa kwa skrubu kwenye plaiwudi iliyolowa maji ya mvua na maziwa yaliyomwagika, mkanda huo utamshika abiria vizuri kabisa kwenye kiti ambacho chenyewe kitaruka. Wakaguzi waliohesabu mikanda bila kutikisa viti walihesabu nusu ya kifaa.

Kazi njema ya siku ile isifichwe: magari mabovu yaliondolewa barabarani na madereva wasio na leseni wakakamatwa.

Hata hivyo, John Michuki mwenyewe asingezifufua kanuni zilezile kwa ajali ya paa. Alipoleta kanuni zake kwa tangazo la kisheria nambari 161 la mwaka 2003, zikaanza kazi tarehe 1 Februari 2004, alikuwa na adui anayejulikana: matatu ya abiria 14, yenye bodi iliyotoka kiwandani ikiwa chuma kizima, ikiendeshwa kwa kasi ya wazimu na kushindiliwa watu wasio na mikanda. Kwa gari lile, kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila kiti na idadi ya abiria iliyopakwa ubavuni zilikuwa hatua za mtu aliyetazama tatizo kabla ya kuandika. Watu walitembea kwa miguu siku kadhaa, naye hakulegea. Aliyaweka masharti yanayoweza kupimwa, kwenye kitu kilichokuwa kinaua.

Baada yake mambo yalibadilika. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 serikali ilitangaza kwamba matatu za abiria 14 zinapaswa kupisha magari makubwa. Wazo la kupunguza msongamano lilikuwa na maana, lakini lilimsukuma mwenye gari kutoka kwenye bodi ya kiwandani kwenda kwenye bodi ya karakana, bila kwanza kuhakikisha karakana ziko tayari. Kufikia 2018 gari lililohitaji sheria kali halikuwa lile la Michuki tena. Lilikuwa lori lililovishwa bodi. Kufufua kanuni za 2004 neno kwa neno ni kumheshimu Michuki kwa jina na kuiacha akili yake.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba kanuni iliyofaa ilikuwapo. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilikuwa na KS 372 ya mwaka 2014, kiwango kinachoeleza jinsi bodi ya gari la abiria inavyopaswa kujengwa. Miaka minne kabla ya Fort Ternan! Huo ndio mradi uliotelekezwa, na huo ndio uliostahili kufufuliwa kwa amri ya mawaziri wawili, tarehe ikatajwa na nchi ikakubali kutembea. Badala ya msako kwenye vizuizi vya barabarani ungekuwa msako kwenye karakana: mifupa ya basi ikaguliwe kabla bati la kwanza halijapigwa, kila kiungo cha kiunoni kikiwa bado uchi.

Wazee wa uchukuzi wa Afrika Mashariki walijua bila kuhubiriwa kwamba basi si lori lililovishwa bodi. Kenya Bus Service, iliyoanza Nairobi mwaka 1934, ilinunua magari ya kazi ya abiria na kuwa na karakana yake ya kuyatunza. Stagecoach ilipoishika kampuni hiyo kati ya 1991 na 1998 ilileta hata mabasi ya Dennis ya ghorofa. Dar es Salaam ilipitia chai maharage, malori yaliyofungwa mabenchi, lakini UDA, shirika la usafiri la jiji hilo, ilikuwa pia na mabasi marefu ya Ikarus yaliyounganishwa, yaani kumbakumba, kutoka Hungaria, na siku hizi safari ndefu za Tanzania zimejaa Yutong na Zhongtong zilizotoka kiwandani zikiwa basi zima. Mtu anaweza kuzilalamikia kwa mengine. Hakuna aliyezichora kama lori.

Kenya haihitaji kufunga karakana zake. Mafundi wanaoweza kupinda pete ya chuma na kuichomelea sawasawa wapo, na kazi hiyo inalisha familia nyingi. Tatizo jingine ni chasisi kuukuu. Basi likichakaa bodi hutolewa, chasisi ile ile hukaa uwanjani msimu baada ya msimu, kisha siku fedha zikipatikana huvishwa bodi mpya na basi hurudi kazini likionekana jipya. Nambari ya chasisi inajulikana na rangi inajulikana. Ni nani aliyechomelea nguzo na kwa chuma cha unene gani, abiria hana pa kulisoma. Mwenye gari wa Bomet au Kericho anayefufua chasisi ya namna hiyo anaweza kumtaka fundi mambo mawili kabla ya kulipa malipo ya kwanza: nguzo zipande kipande kimoja kutoka sakafuni mpaka paani, na mifupa yote ipigwe picha kabla ya bati, picha hizo zikae kwenye faili moja na cheti cha ukaguzi wa gari.