Gusa, Inua

Edward Saidi Tingatinga alikuwa amechora kwa miaka michache tu alipouawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, jijini Dar es Salaam, mwaka 1972. Lakini alikwisha kuwafundisha vijana kadhaa, wakiwemo ndugu zake, na ndio walioibeba kazi hiyo hadi ikawa na ushirika wake mwaka 1990. Sanaa hii ya Tingatinga imekua kwa watu kukaa ubavuni mwa fundi na kutazama.

Siku hizi wanaokaa ubavuni si wanagenzi pekee. Wapo watu wazima wanaokuja kujiburudisha: wageni, wafanyakazi wa ofisini, akina mama walioamua kutumia Jumamosi yao pamoja. Hawatafuti kuwa wachoraji. Kuna wanaosema fundi anayewafundisha hao anapoteza muda. Mimi namvulia kofia, maana ameongeza ufundi juu ya ufundi.

Rangi yenyewe ni mtihani. Ni ile ya mafuta, inayong'aa, iliyozoeleka kupaka baiskeli, na haina haraka ya kukauka. Mwanagenzi hupaka rangi ya chini leo, akarudi kesho. Mtu wa Jumamosi ana asubuhi moja tu, kwa hiyo fundi huandaa vibao mapema, buluu ikififia taratibu mpaka nyeupe, ili mgeni akute pamekauka.

Halafu anakuja kanga. Mwili mweusi ukiwa bado mbichi, madoa meupe yanataka ncha ya brashi iguse na kuondoka. Ukikandamiza tu, nyeupe inaingia kwenye nyeusi, doa linakuwa kijivu. Mama aliyeshika brashi mara ya mwisho shule ya msingi anaanza kutetemeka. Fundi hamnyang'anyi brashi. Anachora doa kwenye kibao chake mwenyewe, mbele yake: "Polepole, mama. Gusa, inua." Shingo ikitoka ndefu mno, anamwonyesha pa kuweka jani. Kanga anabaki wa mama.

Kujizuia huko si jambo dogo kwa mtu ambaye mkono wake ungemaliza ndege yule kwa dakika chache.

Na riziki imo katika kufundisha huko. Picha ya Tingatinga huigwa kwa urahisi. Ukitundika simba wako leo, kesho duka la jirani lina simba huyohuyo kwa bei ya chini. Watalii wakiadimika, picha hukaa ukutani. Somo halitundikwi dukani, na wanafunzi wengine ni wakazi wa mji huuhuu, ambao msimu hauwaondoi.

Ndiyo maana inaniuma kusikia mtu akiomba apunguziwe kwa kuwa "ni saa tatu tu". Hajahesabu kazi ya jana yake, vibao vilivyokatwa na kupakwa, wala brashi zitakazosafishwa kundi likishaondoka. Fundi ataje bei yenye hayo yote ndani, na alipwe kabla makopo hayajafunguliwa.