Shelfu ya Vitabu na Mkono wa Seremala

Shelfu ya vitabu ni samani isiyopumzika. Kitanda hukaa bure mchana kutwa na meza huondolewa vyombo baada ya mlo, lakini shelfu ikishapangwa hubaki na mzigo wake usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Kwa macho ni mbao chache zilizolazwa kati ya mbili zilizosimama, na kwa sababu hiyo wanunuzi wengi huichagua kwa rangi. Seremala mzuri huanza kwingine kabisa: huuliza vitabu ni vingapi, vina kimo gani, na vizito kiasi gani.

Karatasi ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Vitabu vya ukubwa wa A5, yaani sentimita 14.8 kwa 21, vikisimamishwa bega kwa bega hadi vijaze mita moja, hufikia kilo 20 hadi 25. Kamusi kubwa, atlasi na vitabu vya picha vya A4 huweza kuuzidisha uzito huo maradufu. Shelfu ya kawaida yenye rafu tano za sentimita 80, ikijaa vizuri, hubeba karibu kilo 100, sawa na gunia la mahindi, na gunia hilo halishushwi.

Ubao uliolemewa hubonyea katikati, na kubonyea huko kuna kanuni isiyo na huruma. Umbali kati ya mihimili miwili ukiongezwa mara mbili, na nafasi yote ikajazwa vitabu, ubao hubonyea mara 16. Unene ukiongezwa mara mbili, kubonyea hupungua hadi sehemu moja ya nane. Fundi ambaye hajawahi kuiona hesabu hii darasani huijua kwa mkono: hukalia ubao, huusikiliza, kisha husema urefu huu haufai. Kwa ubao wa inchi moja kwa kumi, ambao ukishapigwa randa hubaki na unene wa sentimita mbili hivi, rafu isizidi sentimita 75 au 80. Mteja anayetaka rafu ya mita moja na nusu ili ukuta upendeze hana budi kukubali mhimili katikati, au mbao nene zaidi, au ukanda wa ubao wenye upana wa sentimita nne uliosimamishwa na kugundishwa chini ya ukingo wa mbele. Ukanda huo ni dawa ya bei nafuu kuliko zote, na wachache huagiza.

Kubonyea hakuji siku moja. Rafu huonekana imenyooka mwezi wa kwanza, ikaendelea kushuka polepole kwa miaka. Hapo ndipo mbao za chenga zilizoshindiliwa kwa gundi huumbuka. Zimenyooka sana dukani na zimefunikwa karatasi yenye sura ya mti, lakini ukakamavu wake ni mdogo sana ukilinganishwa na wa mbao halisi, na zikipata maji huvimba zisirudi tena. Kwa viatu na nguo zinatosha. Kwa vitabu ni akiba ya matatizo, isipokuwa rafu ziwe fupi sana.

Sifa ya seremala, hata hivyo, imo katika maungio. Rafu iliyopigiliwa misumari ubavuni hubebwa na misumari, na msumari hulegea. Fundi mwenye subira huchonga mfuo kwenye ubao uliosimama, wenye kina cha theluthi hivi ya unene wake, kisha huingiza ncha ya rafu humo pamoja na gundi. Sasa mzigo umekaa juu ya mbao yenyewe. Mfuo ukiwa mpana kidogo, rafu hucheza. Ukiwa mwembamba, ubao hupasuka wakati wa kugonga. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni unene wa karatasi, na hupatikana kwa patasi iliyonolewa na jicho lisilo na haraka. Kazi hiyo yote hufichwa vitabu vikishaingia. Mgongo wa plaiwudi nao haupo kwa ajili ya urembo: bila huo, mstatili husukumwa ubavuni ukaanza kugeuka msambamba, na shelfu nzima ikayumba.

Vipimo vya ndani huamuliwa na vitabu vilivyopo. Kina cha sentimita 25 kinatosha karibu kila kitu, kwa kuwa hata A4 ina upana wa sentimita 21. Shelfu yenye kina zaidi huwa mtego: safu ya pili huanza kupangwa mbele ya ya kwanza, na vitabu vya nyuma huwa vimezikwa. Kimo cha sentimita 25 kinatosha A5 na nafasi ya vidole juu yake. A4 huhitaji 33 hivi. Katika nyumba nyingi za Waislamu msahafu hauwekwi chini ya kitabu kingine, kwa hiyo rafu ya juu hupimwa kwa ajili yake kwanza.

Mfano mashuhuri wa mwenye vitabu kukaa na fundi ni wa Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1666 vitabu vyake vilikuwa vimeanza kulaliana juu ya viti. Alimwita Thomas Simpson, seremala wa viwanda vya meli vya Deptford na Woolwich, wakabuni pamoja makabati ya mwaloni yenye milango ya vioo. Baadaye yalifikia 12. Pepys alijiwekea kikomo cha vitabu 3,000, akavipanga kwa kimo, na vilivyopungua akavitilia vipande vya mbao chini ili vilingane na wenzao. Hayo ya mwisho ni madoido ya mtu mwenye nafasi. Makabati lakini si madoido: tangu 1724 yamo katika Chuo cha Magdalene, Cambridge, na vitabu vyake bado vimo ndani.

Pwani ya Afrika Mashariki kitabu na mbao vilikutana katika mtu mmoja. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchonga nakshi. Vidole vilivyonakili tendi kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann ndivyo vilivyoshika patasi. Nyumba za mawe za mji huohuo zina rafu za aina nyingine, zidaka, zilizojengwa ukutani kwa chokaa safu juu ya safu. Hazibonyei kamwe. Zilipambwa kwa vyombo vya kaure, na kwa kazi hiyo hazina mfano; kwa maktaba ya leo ni bahili, kwa kuwa kila kidaka kina kipimo chake na hakipanuki.

Kuhusu mti, mninga ndio unaostahili sifa kwanza. Hupindika kidogo sana misimu inapobadilika, hukubali randa bila ukaidi, na kiini chake chenye rangi ya kahawia hadi wekundu hustahimili mchwa. Ile sehemu nyeupe iliyo karibu na ganda haina kinga hiyo, na fundi mwaminifu huikata hata kama ubao utapungua. Mninga umekuwa ghali kwa sababu hukua polepole katika miombo na haupandwi kwa wingi. Mvule na mkongo ni imara pia, ingawa vumbi la mvule huwasha pua za mafundi. Msaji hupatikana katika mashamba kama Longuza, wilayani Muheza. Kwa nyumba nyingi jibu la busara ni paini, kama ile ya Sao Hill huko Mufindi: nyepesi, ya bei nafuu, na inatosha kabisa ikikaushwa vyema na kutiwa dawa ya wadudu. Ubao mbichi wa mninga ni hasara zaidi kuliko paini iliyokauka, maana utapinda ukiwa tayari umeshabeba vitabu.

Mahali pa kuiweka hutegemea hewa. Mombasa, Tanga au Unguja adui ni unyevu, hivyo shelfu huachiwa sentimita chache kutoka ukutani ili hewa ipite, na milango ya vioo isipokuwa na matundu huotesha ukungu. Dodoma adui ni vumbi, na vioo hulipa gharama yake. Kote, rafu ya chini huinuliwa sentimita kumi kutoka sakafuni, nje ya maji ya kudeki na mahali ambapo njia za udongo za mchwa zitaonekana mapema. Jua la dirishani hufifisha rangi za migongo ya vitabu. Shelfu inayomzidi mtoto kimo hufungwa ukutani kwa vyuma vya kona na skrubu zilizokazwa kwenye tofali, kwa sababu watoto huiona kuwa ngazi.

Vanishi hupakwa mwisho, mara mbili au tatu, na msasa laini kati ya kila mkono. Ikishakauka kwa kuguswa bado haijawa ngumu. Vitabu vikipangwa mapema majalada hung'ang'ania ubao. Wiki mbili si nyingi. Kisha vizito huenda chini, na kila safu hubakizwa ulegevu wa kuingiza vidole viwili, maana kitabu kilichobanwa huvutwa kwa kichwa cha mgongo na hapo ndipo huchanika. Mteja mwenye mazoea ya kununua vitabu huagiza pia rafu moja au mbili za ziada zikatwe siku ileile, kutoka mbao zilezile, kabla fundi hajakusanya vifaa vyake.