Kiungo Kinachostahili

Chukua makala ya ensaiklopidia ya mtandaoni kuhusu Kilwa Kisiwani. Aya moja tu inaweza kubeba dhahabu iliyopitia Sofala, Msikiti Mkuu uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, jumba la Husuni Kubwa, ziara ya Ibn Battuta mwaka 1331, Wareno walioushambulia mji mwaka 1505, na UNESCO iliyoyaingiza magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Karibu kila neno hapo laweza kugeuzwa kiungo. Mhariri mwenye pupa atayageuza yote, aya iwe bluu tupu. Mhariri hodari atatulia kwanza na kumfikiria msomaji: atakwama wapi, na atatamani kujua nini zaidi?

Sofala ataiwekea kiungo, kwa sababu asiyejua kwamba dhahabu ya bara ilifika baharini kupitia bandari ile hataelewa utajiri wa Kilwa ulitoka wapi. Ibn Battuta naye atapata chake. Matumbawe pia, maana kijana wa Tabora au wa Goma ambaye hajawahi kuona nyumba ya mawe ya pwani atapenda kujua jiwe hilo lilichongwaje na chokaa yake ilichomwaje. Lakini dhahabu, bahari, mwaka 1331 na hata Tanzania ataviacha vilivyo. Aliyefungua ukurasa wa Kilwa hahitaji kufundishwa maana ya bahari. Songo Mnara ataiunga pale inapotajwa mara ya kwanza, basi. Haina haja ya kurudiwa kila mstari.

Kazi hii naipenda kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Msomaji hasemi kwamba viungo ni vizuri. Anajikuta tu amesoma saa nzima, akitoka Kilwa hadi Sofala, akitoka Sofala hadi Zimbabwe Kuu, bila kupotea.

Tena ni ufundi wa zamani kuliko kompyuta. Denis Diderot na Jean d'Alembert walipoanza kuchapisha Encyclopédie yao huko Ufaransa mwaka 1751, walitia marejeo ndani ya makala: tazama hiki, tazama na kile. Katika makala aliyoiandika kuhusu ensaiklopidia yenyewe, iliyotoka mwaka 1755, Diderot aliyahesabu marejeo kuwa miongoni mwa mambo makubwa ya kazi nzima. Yako ya kufafanua, alieleza, na yako ya kubomoa kimyakimya kile ambacho makala nyingine imekijenga. Makala kuhusu watu walao watu inampeleka msomaji kwenye Ekaristi, komunyo na altare. Wengi wameona hapo dhihaka kali kwa kanisa, ingawa hakuna sentensi hata moja ya kashfa. Rejeo peke yake lilitosha. Ndiyo maana nasema kiungo ni kauli: anayekiweka anadai kwamba mambo haya mawili yanahusiana, na ni lazima awe tayari kulitetea dai hilo.

Walakini watu hupenda kupewa idadi kamili ya viungo. Kwa miaka kadhaa Google iliwashauri wenye tovuti wasivuke viungo 100 katika ukurasa mmoja. Sababu mojawapo ilikuwa ya kiufundi: wakati huo mashine zake zilisoma takriban kilobaiti 100 za kwanza za ukurasa, zilizobaki zikaachwa. Uwezo ulipoongezeka, kikomo hicho kikaondolewa. Hesabu nyingine, ile ya PageRank ambayo Larry Page na Sergey Brin waliieleza mwaka 1998, ina fundisho zaidi. Humo uzito ambao ukurasa unaugawa hugawanywa sawa kwa viungo vyake: vikiwa 10, kila kimoja hupata sehemu ya kumi, vikiwa 100, sehemu ya mia. Jicho la msomaji nalo hufanya hesabu hiyohiyo. Ukimwonyesha njia mia kwa pamoja, hujamwonyesha hata moja.

Uchache nao una madhara yake, na huku Kiswahilini ndiko tunakoumia zaidi. Makala inaandikwa vizuri, kisha inabaki yatima: hakuna ukurasa mwingine unaoielekea, na asiyejua jina lake haipati kamwe. Hapo kiungo kimoja kutoka kwenye makala inayosomwa sana huokoa kazi ya siku nyingi. Hata kiungo chekundu, kile kinachoelekea ukurasa ambao haujaandikwa, nakitetea kwa moyo wote, mradi jambo lenyewe linastahili makala. Kinamwambia msomaji mwenye ujuzi: hapa pana pengo, lijaze.

Tusisahau pia kwamba msomaji wetu mara nyingi ana simu na bando la kuhesabu. Kila anapobofya analipa. Kumpeleka kwenye ukurasa wenye mistari miwili isiyomwambia kitu ni kumlia pesa yake.

Kwa hiyo, wewe unayeandika, kabla ya kuchapisha bofya kila kiungo ulichoweka, kwenye simu, kwa bando lako mwenyewe. Ambacho hakikukupa kitu, kitoe. Kisha fungua makala tatu za zamani zinazohusiana na yako, uziunge nayo.