Tisini na Tisa

Mwanafunzi wangu wa kwanza pale Lodwar aliiuliza modemu nguvu ya mawimbi, ikamjibu 99, naye akashangilia. Shuleni 99 ni alama ya kupewa zawadi. Kwa modemu ni kukiri kwamba haijui, na mara nyingi ni kwa sababu haisikii kitu. Kipimo chenyewe huishia 31.

Ruta zetu ni visanduku vidogo vinavyoendeshwa na Linux. Ukiiandikia modemu AT+CSQ, inakurudishia namba. Izidishe kwa mbili, kisha toa 113. Kwa hiyo 14 ni hasi 85, nasi huishukuru. 5 ni hasi 103, na hapo ujumbe mfupi utapita ila picha itakwama njiani. Naipenda namba hii kwa sababu haimbembelezi mtu. Vistari vya simu hukupa moyo tu. Namba hukuonyesha mahali pa kuanzia kazi.

Lakini namba moja haitoshi, na hilo nilifundishwa na Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, kwenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Darasa la kompyuta lilikuwa na mnara mbele ya macho. Nguvu ilisoma hasi 71, safi kabisa, na hata ukurasa mmoja haukufunguka. Nikabadilisha waya, nikabadilisha laini, nikalaumu sola bure. Siku ya pili ndipo nilipoitazama SINR, ile namba ya 4G inayolinganisha sauti ya mnara na kelele inayoizunguka. Ilikuwa hasi 2. Kelele ilikuwa imeishinda sauti! Antena ilisikiliza minara miwili kwa mpigo, yote ikisema kwa masafa yaleyale, na hasi 71 yangu ilikuwa jumla ya makelele yao.

Nikapanda juu alfajiri, kabla mabati hayajawa kikaango. Mwanafunzi alikaa chini na ruta, akisoma kwa sauti. Antena huzungushwa kwa upana wa kidole, kisha unaondoa mkono na kungoja, maana modemu nayo huchukua muda kupima. Fundi mwenye pupa huikosa namba nzuri akiwa ameshaipita. Nilianza kuupa kisogo mnara wa karibu, nikiuelekea ule wa mbali.

“Mwalimu, nguvu inashuka! Hasi 75. Hasi 79.”

“Na ile nyingine?”

Kimya. “Nne... saba... Mwalimu, usiguse! Kumi na moja!”

Sauti ilipungua, maneno yakasikika. Ukurasa ukafunguka kabla sijashuka ngazi.

Nilikaza nati kwa spana, nikaandika ubavuni mwa ruta kwa kalamu ya wino mzito: tarehe, uelekeo wa antena, hasi 79, 11. Atakayepanda baada yangu ataanzia hapo.